Sekela wa Makorokoro na Sahani za Msiba wa Kinyala

Saa moja asubuhi, mvua imekatika Kinyala, nje ya mji wa Tukuyu, kwa dakika ambazo hakuna anayejua ni ngapi, na Sekela Mwaijande anazitumia zote. Amesimama uani kwa Mama Godwin, kanga kiunoni, mkononi ana redio ya kaseti iliyong'oka mlango.

"Mama, hii inaongea?"

"Haiongei," anajibu Mama Godwin kutoka barazani, alikokaa kwenye kigoda na kikombe cha chai. "Lakini inasikia."

"Basi iende."

"Aliinunua baba Godwin mwaka alioniposa. Wewe mumeo akinyamaza utamtupa?"

Sekela anafikiri kidogo. Majirani wanasema mumewe hajawahi kunyamaza, kwa hiyo swali halimhusu sana. Anaiweka redio kwenye rundo la tatu.

Hiyo ndiyo kazi ya mwanamke huyu wa miaka 41, mzaliwa wa Matwebe na mama wa watoto watatu. Ikifika Desemba, watoto waliotawanyika Dar es Salaam, Dodoma na Mbeya mjini wakianza kukata tiketi za kuja kula Krismasi nyumbani, yeye huitwa kuondoa makorokoro ili wageni wapate pa kulaza mbavu.

"Mtoto akitupa kitu cha mama yake ni dharau. Mkwe akitupa ni vita," anasema. "Mimi nikitupa ni kazi."

Aliigundua mwaka 2019, alipokwenda kumenya ndizi kwenye shughuli ya harusi Ibighi na kumkuta mwenye nyumba na mama mkwe wake hawasemeshani. Chanzo kilikuwa TV ya kichogo iliyozimika miaka miwili kabla. Sekela aliibeba, akatoka nayo, akarudi kumenya ndizi. Wiki hiyo hiyo alipigiwa simu na nyumba tatu.

Siku hizi anatoza shilingi elfu sitini kwa nyumba, chakula cha mchana juu ya mwenyeji. Desemba njema humpa nyumba kumi na mbili. Miezi mingine huchuma chai kwa kibarua na kuuza ndizi, lakini ni fedha ya Desemba inayomrudisha binti yake Lusungu shuleni Januari.

Utaratibu wake ni wa marundo matatu: la kubaki, la kwenda, na la kubishana. La kubishana huwa kubwa kuliko nyumba yenyewe. Linafunikwa turubai, linalala. Asubuhi mwenye mali huulizwa, bila kufunua, humo mna nini. Alichokitaja kinarudi ndani. Asichokikumbuka kinaondoka.

"Kuna mzee alikumbuka kila kitu mpaka msumari uliopinda," anasema. "Nikamrudishia na msumari wake."

Ila kazi ina mtego. "Naingia mpaka chini ya kitanda cha mtu. Jina likichafuka Kinyala asubuhi, Ibighi wanalo kabla ya chai ya saa nne. Nikiitwa mwizi siku moja tu, sina Desemba tena."

Kwa Mama Godwin, ambaye jina lake ni Winfrida na umri wake ni miaka 74, Sekela ameitwa na Godwin mwenyewe kwa simu kutoka Dar. Godwin anakuja na mke na watoto wanne, na mlango wa chumba cha wageni unafunguka kiasi cha kupitisha kuku tu. Tangu mumewe, mzee Anyosisye, afariki miaka miwili iliyopita, hakuna kilichosogezwa.

Siku ya kwanza yanatoka madumu kumi na saba, betri ya gari ambalo halijawahi kuwepo, na kalenda za miaka ishirini na moja zilizotundikwa moja juu ya nyingine kwenye msumari mmoja. Yanatoka pia maboksi matatu makubwa yaliyofungwa kamba. Kabla Sekela hajayafungua, Mama Godwin anayasukuma mwenyewe chini ya turubai.

Asubuhi ya pili anaulizwa. Anataja redio, pasi ya mkaa, buti moja la marehemu na mwavuli usio na kitambaa. Vyote vinarudi ndani.

"Na kwenye maboksi, mama?"

Mama Godwin anaitazama migomba. "Sikumbuki."

"Hata kimoja?"

"Uzee, mwanangu."

Sheria ni sheria. Erasto, dereva wa guta la matairi matatu, anapakia maboksi pamoja na madumu kuvipeleka kwa mnunuzi wa vitu chakavu Tukuyu mjini. Mama Godwin anatazama, anasimama, anakaa tena, anajimiminia chai nyingine.

Guta halifiki mbali. Mteremko wa kwanza tu, tope linalimeza matairi yote matatu. Sekela anashuka, Erasto anapiga honi, na kama ilivyo kawaida ya huku wakati wa mvua, wanawake wanatokea kwenye kila shamba la migomba kuja kusukuma. Wanasukuma mara ya kwanza, halafu ya pili. Mara ya tatu boksi linapasuka na sahani zinamwagika.

Jenifer, mwimbaji wa kwaya na jirani wa karibu, anaokota moja na kuigeuza. Chini ina nukta tatu nyekundu za rangi ya kucha.

"Jamani, hii yangu."

Kwa asiyejua, msiba ukitokea hakuna nyumba yenye vyombo vya kutosha. Kila mwanamke huja na sufuria na sahani zake, na kwa kuwa sahani za dukani ni ndugu wa tumbo moja, kila mmoja huweka alama chini: rangi ya kucha, au herufi iliyochorwa kwa msumari. Msiba ukiisha, vinarudi kwa wenyewe. Vya msiba wa mzee Anyosisye havikurudi.

Mikono inaacha kusukuma na kuanza kupekua. Erasto amebaki peke yake kwenye usukani, anavuta mafuta bila sababu.

"Kumbe vilikuwa kwako, Sekela," anasema Hajira, mwenye duka la karibu na msikiti. "Sufuria yangu naitafuta mwaka wa pili huu. Na leo unaipeleka kuuza."

"Nimevitoa kwa Mama Godwin, dada. Amesema havikumbuki."

"Mama Godwin nimemwendea mara tisa. Kila nikienda ananiambia anaitafuta, nikae kwanza ninywe chai. Mtu mzima kama yule atudanganye?"

"Mimi nimekwenda mara kumi na moja," anasema Jenifer, ambaye tayari amekumbatia sufuria kubwa. "Na kila mara nimekula viazi."

"Huyu si alikuwepo msibani, akimenya ndizi?" anauliza mtu wa nyuma. Simu zinatoka kwenye kanga. Mmoja anapiga picha za sahani, kisha za Sekela, kwa mpangilio huo huo.

Sekela anatazama chini. "Hapo kichwani nilishamwona Lusungu anarudishwa nyumbani na begi lake, ada hakuna," atasimulia baadaye.

Ndipo anapoonekana Mama Godwin akishuka mteremko, fimbo mkono mmoja, ndala mkono wa pili. Wanampisha. Anachagua dumu lililosimama vizuri, anakalia.

"Mwagonile," anawasalimia, kama mtu aliyekuja kwa jambo lingine. Kisha anaanza. "Jenifer, sahani zako ni sita, hapo ziko tano. Ya sita iko boksi la chini, ina ufa, na ilikuja nao. Hajira, sufuria yako ilileta pilau siku ya pili ya msiba, mvua ikinyesha. Ndiyo hiyo aliyoikumbatia Jenifer. Ya Jenifer imebonyea ubavuni."

Jenifer anaitazama sufuria iliyo kifuani mwake. Haijabonyea. Anaikabidhi polepole.

Mama Godwin anaendelea mpaka chombo cha mwisho: ni cha nani, kilileta chakula gani, na aliyekileta alilia kwa sauti au kimoyomoyo. Hakosei hata kijiko.

"Sasa mama," anauliza Hajira, sauti imeshuka, "miaka miwili yote ulikuwa unatafuta nini?"

"Mngevichukua, mngekuja kwangu kufanya nini?"

Erasto anazima injini.

"Sekela hajaiba," anaongeza mama. "Aliniuliza, nikamwambia sikumbuki, maana kuvitaja ni kukiri. Ana sheria zake. Aliyepiga picha afute, na mimi nimuone akifuta."

Picha zinafutwa. Mvua inarudi, na kwa kuwa nyumba iliyo karibu ni ya Mama Godwin, wote wanapanda mteremko na vyombo vyao kichwani. Chumba cha wageni, kilichoachwa wazi asubuhi, kinapokea wageni wa kwanza kabla ya Godwin. Sufuria ya Hajira inainjikwa jikoni pale pale. Guta linakwamuliwa saa tisa, na madumu yake tu.

Wiki moja baadaye Sekela amemaliza nyumba ya nane, na simu bado zinaita. Mwakani anataka kuajiri wanawake wawili, na akijaliwa, kupanga kibanda Ibighi auzie vitu ambavyo bado vina uhai. Sheria ya turubai ameiongezea kipengele: kila sahani inageuzwa kwanza.

Kitu kimoja tu kimempotea msimu huu, chupa yake ya chai. Aliisahau Kinyala siku ile, na Jumatano alipita kuiulizia. Mama Godwin alimwambia anaitafuta, akae kwanza. Ndani alimkuta Jenifer na bakuli la viazi, amefuata ile sahani yake yenye ufa, ambayo naye siku ile aliisahau.

"Chupa niliiona, iko juu ya kabati," anasema Sekela, akifunga kanga tayari kwa nyumba ya tisa. "Nimemwambia mama asihangaike. Nitaifuata Jumamosi."