Nafasi ya Gredi ya Kwanza

Binti yetu alikuwa mtoto asiyeongea na watu asiowajua. Nyumbani alipiga soga kutwa, hata chakula kikiwa mdomoni, lakini mgeni akiingia tu alinyamaza na kujibanza nyuma ya sketi yangu. Mwalimu wake wa nasari alifundisha katika chumba kimoja cha mabati pale Kianda, Kibera, mahali tulipokuwa tukiishi, na alisubiri muhula mzima kabla ya kuisikia sauti yake. Hakulalamika. Aliniambia mtoto anajua kila kitu, ila anachagua wa kumwambia.

Nasari ilipokaribia kwisha, mume wangu na mimi tuliamua kumtafutia nafasi ya gredi ya kwanza katika shule moja ya serikali kule Kawangware. Mimi nilikuwa msusi katika saluni moja ya 56, mtaa wa huko huko Kawangware, na shule hiyo ilikuwa karibu kiasi kwamba mtoto angeweza kutoka darasani mchana akaja kukaa nami hadi jioni. Akipata nafasi, tungehama Kianda tukapange chumba 46, mtaa wa jirani na saluni. Asipopata, sikuwa na mpango mwingine, na hilo sikumwambia mtu.

Fomu niliichukua mwenyewe, lakini mume wangu ndiye aliyeijaza. Ni seremala, hutengeneza vitanda na makabati kando ya barabara, na ana mwandiko mzuri kuliko watu wengi wanaovaa tai. Alifuta meza, akanawa mikono, kisha akaanza. Palipoandikwa lugha ya nyumbani paliachwa nafasi ya neno moja tu. Yeye ni Mjaluo, mimi ni Mkamba, na mtoto huongea na kila mmoja wetu kwa lugha anayoitaka siku hiyo. Aliandika Kiswahili, akatulia, halafu akabana Kijaluo na Kikamba kwa herufi ndogo hadi ukingoni.

Alipofika kwenye kazi ya mama, nilimwambia aandike biashara ndogo. Niliona inapendeza zaidi. Aliniuliza kwa nini, kisha akaandika msusi, kwa herufi kubwa kabisa. Nilifurahi.

Ukurasa wa nyuma ndio ulionitoa jasho. Walitaka picha mbili, kadi ya chanjo, ripoti ya nasari na cheti cha kuzaliwa. Cheti kilikuwa Kitui. Nilikuwa nimeenda kujifungulia nyumbani kwetu, na mama yangu ndiye aliyekifuatilia hadi kikatoka, kisha akakifungia kwenye sanduku lake la bati pamoja na karatasi zetu sote. Nilimpigia simu nikamwomba ampe kondakta wa basi la asubuhi cheti hicho, nami ningekipokea mjini.

Alikataa. Kisha akasema, “Hiyo karatasi nilipanga foleni mara tatu ndipo nikaipata. Simpi mtu nisiyemjua. Nitaileta mwenyewe.”

Nilijaribu kumweleza kuwa mabasi husafirisha vitu vya watu kila siku, lakini alikuwa tayari anauliza mtoto anapenda kuletewa nini. Alifika Jumatano alasiri na nusu gunia la ndengu. Cheti alikuwa amekiweka katikati ya vipande viwili vya kadibodi, akavifunga kwa leso, na leso akaivaa kiunoni chini ya gauni. Alikataa kukitoa hadi mume wangu alipokuja, ili sote tukione pamoja.

Ijumaa asubuhi, siku ya kuhojiwa watoto, tulitembea hadi Kawangware, mtoto katikati yetu, mimi na bahasha, mama yangu na mwavuli. Njiani nilikuwa nikimfundisha binti yangu majibu. Ukiulizwa unaitwa nani, sema. Ukiulizwa miaka, sema sita. Mama yangu aliniambia kwa Kikamba nimwache mtoto atembee. Nikamwacha.

Shuleni tulikuta wazazi wengi kwenye mabenchi ya nje. Jina letu lilipoitwa, mama yangu alibaki kwenye benchi, nami nikaingia na mtoto. Mwalimu aliyewahoji watoto alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Alipokea karatasi zetu, akazikagua moja moja, akaridhika. Kisha akamgeukia binti yangu akamuuliza jina.

Kimya.

Akamuuliza miaka. Kimya. Akamwonyesha picha ya ng’ombe, ya jogoo, ya trekta. Akamwaga visoda vya chupa mezani na kumwomba ahesabu vitano. Binti yangu alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, akimtazama mwalimu kichwani bila kupepesa. Nilifungua mdomo nimsaidie, mwalimu akaninyamazisha kwa kiganja. Alisubiri. Mwishowe akashika kalamu akaanza kuandika kitu kwenye fomu. Niliona vyumba vya 46 vikienda kwa watu wengine.

Hapo ndipo mtoto aliposema, “Mwalimu, una mistari kumi na mitatu.”

Mwalimu aliinua uso. “Mistari gani?”

“Ya nywele. Sita huku, sita huku, na mmoja katikati. Lakini huu wa hapa umepotea njia.” Akanyoosha kidole kuonyesha pale, juu ya sikio la kushoto.

Nilitamani sakafu inimeze. Ilikuwa kweli, nilikuwa nimeuona mstari huo mara tu nilipoketi. Aliyemsuka alichoka akaupinda. Lakini hayo ni mambo ambayo msusi humeza. Nikaanza kuomba msamaha, nikieleza kwamba mtoto hushinda nami saluni siku za Jumamosi na huhesabu mistari ya nywele za wateja kama mchezo.

Mwalimu hakunisikiliza. Aligusa nywele zake, akapapasa hadi akaupata. Kisha akaiweka kalamu chini.

“Nikiutoa huo uliopotea, nitabaki na mingapi?”

“Kumi na miwili,” akajibu binti yangu. “Lakini itabidi ufumue wote.”

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Alitaja jina lake na miaka yake bila kuulizwa. Alihesabu visoda vyote, si vitano tu, akasema ng’ombe wa kwenye picha amekonda kuliko wale wa susu yake, maana ndivyo anavyomwita nyanya kwa Kikamba. Aliandika jina lake vizuri, herufi moja tu ikiwa imegeuka. Tulipotoka, mwalimu aliniomba nimwonyeshe saluni yetu iko upande gani.

Mama yangu aliniuliza imekuwaje. Nilimsimulia tukiwa tumesimama getini, akacheka hadi akaegemea mwavuli.

Majina yangebandikwa baada ya wiki moja, naye akakataa kurudi Kitui kabla. Siku ilipofika tukaenda wote tena. Karatasi ilikuwa imebandikwa ukutani karibu na ofisi, na watu walikuwa wamejaa mbele yake. Nilipoliona jina, nilimwambia. Mama yangu hakupelekwa shule. Aliniomba nikishike kidole chake nikiweke pale pale. Nikakiweka. Alikiacha hapo kwa muda, watu wakimsukuma kwa nyuma, kisha akakitoa na kusema tunaweza kwenda.

Desemba tulihamia 46, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama uwanja wa kuanikia nguo. Mume wangu alimtengenezea mtoto meza ndogo ya mbao zilizobaki kazini.

Siku ya kwanza ya gredi ya kwanza alikuja saluni mchana, soksi moja imeshuka hadi kwenye kiatu. Nilimuuliza kama aliongea darasani. Akasema hapana, mwalimu huyo mpya yeye bado hamjui vizuri, atampa wiki mbili.

Wiki hizo hazikuisha. Siku ya tisa mwalimu alinipigia simu kusema amelazimika kumhamishia dawati la mbele, kwa sababu kule nyuma anapiga soga na wenzake.