Sarafu za Mama Zilizosuguliwa kwa Majivu

Sisi tuliokulia Mayfair, hapa Johannesburg, kabla simu hazijawazidi akili wenye nazo, tulijua sarafu ni kitu cha kushikwa. Siku hizi kijana anajiita mkusanyaji, eti ana sarafu za ukumbusho zenye sura za wanawake waliotangulia: daktari wa kwanza, mwalimu wa kwanza, sijui rubani wa kwanza. Ukimwomba azitoe uzione, anakuonyesha picha. Zenyewe zimefungiwa kwenye plastiki, mkono wa mtu haujazigusa, na taabu walizopata wanawake wale hana habari nazo. Mkusanyaji gani huyo!

Mama yangu, mwanamke wa Tanga, aliuza sambusa na vitumbua kila Ijumaa nje ya msikiti. Mteja akimpa sarafu yenye sura ya mwanamke, aliifunga kwenye pindo la khanga, na ole wako uichukue ukanunulie chipsi kwenye spaza, kiduka cha mtaani. Alifikisha saba, akaziweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Idi ikikaribia zilitolewa pamoja na sinia la shaba la bibi. Tuliketi kibarazani na majivu ya jiko na vipande vya limau, tukasugua mpaka vidole vikawasha, huku Mama akitusimulia habari za kila mwanamke. Nyingine nashuku alizitunga.

"Hawa ni shangazi zenu," alikuwa akisema. "Sugueni. Mgeni haonyeshwi shangazi mchafu."

Mama sasa ni marehemu. Mwezi uliopita binti yangu Salma, aliyezaliwa hapa hapa, ambaye Kiswahili anakisikia ila kukijibu anaona kazi, alinishawishi tuzipeleke kwa mnunuzi mmoja wa sarafu kule Randburg. Alitaka kompyuta ya chuo. Nasema kwa aibu, nilikubali.

Yule bwana alivaa glovu nyeupe utadhani anakwenda kuosha maiti. Akaitazama moja kwa lenzi, akaguna.

"Nani amezisugua hizi?"

"Sisi."

"Mmeziharibu. Sarafu haisafishwi hata siku moja. Zingebaki na uchafu wake ningekupa fedha ya maana. Hizi sasa nenda kanunulie mkate."

Yaani uchafu ndio mali! Nikamwonyesha moja iliyokuwa kwenye kabati lake la kioo, nikamuuliza huyu mwanamke alifanya nini. Akaigeuza kwanza asome karatasi iliyobandikwa nyuma ya plastiki yake. Mtaalamu!

"Eish, Mama, mwachie tu," Salma akanong'ona. "Nyuso zenyewe zimefutika."

Nikazikusanya, nikatoka bila kuaga. Nje, kwenye jua, nikaona mtoto kasema kweli. Kila uso ulikuwa umelika mahali pale pale, shavuni, pakawa bapa. Nikaweka kidole gumba, kikakaa sawasawa. Nikakumbuka kwamba sisi tulipochoka, Mama ndiye aliyezimalizia, kwa kidole hicho hicho, mwaka baada ya mwaka.

Enzi zile kitu tulichokipenda kilichakaa mikononi mwetu. Siku hizi wanakifungia kisiguswe, halafu wanaita hiyo heshima. Waendelee. Mama yangu hakuna aliyemchora popote, wala hatuna picha yake iliyotoka vizuri. Alama ya mkono wake iliyobaki duniani ni mashavu yale yaliyolika, na mimi, mwanawe wa kumzaa, nilikuwa nimeyapeleka kuyauza.