Maman Rachel wa Mudzipela alivyokereza arbre mpya ya trekta ya marehemu baba

Wakuu, nawasalimu kutoka Bunia. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na sitaficha hata pale nilipojiaibisha.

Baba aliniachia trekta ndogo ya bustani, ya zamani kuliko mimi. Vipuri vyake havipatikani tena popote, lakini inalima.

Msimu huu niliahidi kulimia familia sita zilizokimbia vita Djugu, zikapewa kipande cha shamba jirani na kwetu. Mbegu za maharagwe walikuwa nazo. Mvua ilishaanza.

Siku ya pili tu, kaa! Arbre, ile fimbo ya chuma inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, ikakatika.

Fundi mmoja akaichomelea. Haikumaliza nusu saa.

Nikaelekezwa mtaa wa Mudzipela, kwa mtu anayekereza vyuma. Nikamkuta mama mmoja, kitambaa kichwani, mikono imejaa grisi. Nikamuuliza, "Maman, fundi iko wapi?"

(Aibu yangu ndiyo hiyo.)

Akacheka. "Fundi njo miye. Leta vipande."

Nikamweleza habari za zile familia sita huku akiviunganisha mezani na kupima kila sehemu. Kisha akachukua chuma kutoka ekseli ya lori lililokufa, akaanza kukikereza kwenye mashine.

Jioni kazi ikaonekana imekwisha. Iling'aa, wakuu! Lakini alipoizungusha na kusogeza chaki karibu, chaki ikagusa upande mmoja tu.

"Iko imepinda kidogo," akasema. "Mu shamba itakatika tena. Natengeneza ingine."

"Maman, mvua itatupita. Nipe tu hiyo."

"Hapana. Bale batu balishapoteza mashamba. Miye siwezi kubapotezea msimu."

Nikarudi nyumbani kusubiri.

Kesho yake mchana akaja mwenyewe shambani kwa pikipiki, arbre ya pili mapajani. Akalala kwenye matope chini ya trekta, akaifunga. Nikawasha. Ikavuta bila kutetemeka, udongo ukafunguka mpaka mwisho wa shamba.

Nilidhani wale mama wa Djugu watanishangilia mimi. Wakanipita wote! Mkubwa wao akamjazia Maman Rachel mbegu mkononi: "Weye njo utapanda ya kwanza."

Akavua viatu, akapanda. Nikamwona anajifuta macho kwa mkono wenye grisi.

Nilichojifunza: fundi wa kweli humjui kwa sura yake, na kuna siku atakukatalia kitu kwa faida yako.

Haya, siye tumesema yetu. Huko kwenu iko fundi wa namna hii? Mtuelezee kazi yake hapa chini.