Mwizi Aliyefunga Mlango

Mtaani kwetu kulikuwa na mwizi mwenye adabu.

Anaingia kwa mlango, anabeba anachotaka, anatoka, anafunga kwa ufunguo. Dirisha zima, kitasa hakijaguswa. Kwa mwalimu wa hesabu alichukua televisheni, akawazimia na taa ya sebuleni.

Sasa hebu fikiria. Mlango umefungwa, vitu hamna. Utamshuku nani kama si wa humo humo ndani?

Mama Pacha alimnunia mumewe wiki mbili. Kwenye geti la bluu, baba mwenye nyumba akamtimua shemeji yake. Mimi nikawa nacheka tu.

Nilicheka mpaka siku cherehani ya dada yangu ilipoyeyuka.

Mimi ni mchora mabango. Duka, saluni, bucha, ukiona herufi nzuri mtaani kwetu ujue ni mkono wangu, na chini kabisa, ndani ya kiboksi, namba yangu ya simu. Naishi na dada yangu, fundi nguo. Ndiye aliyenilea, na cherehani ile ndiyo iliyonisomesha.

"Funguo za nyumba hii ziko mbili," dada akasema. "Mmoja ninao mimi, mmoja unao wewe."

"Dada, haki ya Mungu sijui."

"Cherehani haina miguu."

"Ile ina miguu minne, dada."

Ndiyo, nilisema hivyo. Mdomo wangu huwa unatangulia, akili inakuja baadaye.

Hakucheka. Akanipa mpaka Jumapili: cherehani irudi, au nikatafute pa kuishi. Na hakupiga kelele. Dada akifoka najua yataisha, lakini siku hiyo alisema polepole.

Wakati huo kamati ya usalama ya mtaa ilikuwa imetundika sanduku la taarifa nje ya geti la Mwenyekiti. Mwenyekiti ni mwalimu mkuu mstaafu, bibi mfupi ambaye hata wahuni wakimwona wanachomekea mashati. Sanduku nililiandika mimi: TOA TAARIFA KWA SIRI. USIANDIKE JINA.

Kufuli lilitolewa bure na fundi vitasa wa mtaa, sote tunamwita Kitasa. Akamkabidhi Mwenyekiti ufunguo mbele ya mkutano.

"Uko huu mmoja tu, mama. Usije ukapotea."

Tukampigia makofi. Mimi ndiye niliyepiga mengi kuliko wote.

Ijumaa mchana nimekaa kibarazani na njaa yangu, maana dada alikuwa amepika cha mtu mmoja. Nikaanza kuwahesabu walioibiwa. Geti la bluu. Mama Pacha. Mwalimu wa hesabu. Fundi nguo.

Nikahesabu tena. Nikasimama.

Orodha hiyo nilishawahi kuiandika mimi mwenyewe!

Miezi miwili nyuma Kitasa aliniita dukani kwake nimwandikie vibao vidogo vya mbao vya kuning'iniza kwenye funguo. "Za wateja," aliniambia, "nisije nikazichanganya." Nikaandika: GETI LA BLUU. MAMA PACHA. MWALIMU HESABU. FUNDI NGUO. Vibao ishirini na kitu, kwa herufi nilizojivunia kweli kweli, naye akaenda kuvitundika nyuma ya pazia la duka.

Mtaa mzima tunachongesha funguo kwake. Kumbe ukimwomba mmoja, anachonga mbili!

Kwenda kusema uso kwa uso niliogopa. Jamaa ana ufunguo wa nyumba ninayolala. Basi nikajifungia ndani (haikusaidia kitu, najua) nikaandika barua ya siri: mwizi ni Kitasa, funguo zetu zipo dukani kwake nyuma ya pazia.

Nilijitahidi kuandika vibaya nisijulikane. Mkono ukakataa. Nikajikuta nimepiga mistari kwa rula, kichwa cha barua chekundu, na herufi nimezitia kivuli. Kivuli, jamani, kwenye barua ya siri!

Nikaitumbukiza sandukuni, nikaondoka napiga mluzi. Nilipofika buchani nikalitazama bango langu kama kawaida yangu, kuanzia juu mpaka chini.

Chini kabisa, ndani ya kiboksi, namba ya simu.

Mluzi ukakatika.

Mkono wangu una mazoea yake. Kazi ikiisha, namba. Nilikuwa nimemtaja mwizi kwa siri, halafu nikaweka namba yangu chini, tena nimeizungushia wino mwekundu!

Na kufuli la lile sanduku limetoka kwa nani? Nikarudi mbio.

Nikapitisha vidole kwenye tundu. Nikaigusa karatasi. Nikasukuma kidogo, mkono wote ukazama. Kuutoa sasa, ukagoma.

"Unatafuta nini humo?"

Mwenyekiti huyo, ameshika ndoo ya kumwagilia maua.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Nimekuuliza, unatafuta nini?"

"Natoa taarifa, mama."

"Na mkono?"

Dakika tano hazikuisha, mtaa mzima ulikuwa pale. "Ndiye huyo! Mpaka barua anaiba!" Mume wa Mama Pacha, na uchungu wake wa kununiwa wiki mbili, alikuja na mchi.

Mwenyekiti akainua kidole kimoja. "Hakuna atakayemgusa mtu mbele yangu. Askari nimeshawapigia."

Mchi ukashuka. Ndipo dada akafika, futi ya kupimia nguo ikiwa shingoni. Akanitazama nilivyonasa, machozi yakamlengalenga. Hilo liliniuma kuliko mkono.

Mwenyekiti akawa anapekua mkoba kutafuta ufunguo. Ikatoka miwani, vikatoka vidonge, ikatoka chaki.

Kitasa naye akajitokeza, mwema kama siku zote. "Poleni, jamani. Hebu nipisheni." Akatoa rundo la funguo mfukoni, akachagua mmoja bila hata kuangalia. Kufuli, tak! Sanduku likafunguka, mkono wangu ukatoka na barua yake, watu wakashangilia.

Mwenyekiti hakushangilia. Alikuwa ameushika ufunguo wake, ndio kwanza ameuona.

"Mwanangu," akasema kwa ile sauti ya darasani, "si uliniambia uko huu mmoja tu?"

Watu wakamgeukia Kitasa.

Kitasa akautazama mkono wake mwenyewe. Kumbe na yeye mkono wake una mazoea.

"Huu... ni wa dharura, mama."

Mwenyekiti akaninyang'anya barua, akaisoma kwa sauti mpaka mwisho, na namba akaisoma. Kisha akaipiga palepale. Mfuko wangu ukaanza kuimba.

Askari wawili walipofika tukaongozana mpaka dukani kwa Kitasa. Nyuma ya pazia tukakuta ubao umejaa funguo, na chini yake cherehani, ingali imevaa kile kifuniko cha maua alichokishona dada. Nikashusha pumzi. Nikadhani yameisha.

Dada akashika kibao kimoja, akakigeuza.

"Haya ni maandishi yako."

Askari mmoja akageuka kunitazama. Kitasa, aliyekuwa ameinamisha kichwa, akapata uhai ghafla. "Muulizeni huyo! Kazi tulifanya wote!"

Vibao ishirini na kitu, vyote mkono wangu, hata mtoto angeutambua. Na huu mdomo unaotangulia siku zote, siku hiyo uligoma kabisa.

Dada akaichukua barua kwa Mwenyekiti. Akakitazama kile kiboksi chekundu kwa muda mrefu. Mabega yakaanza kumtikisika, nikajua analia.

Alikuwa anacheka.

"Afande," akasema huku anajifuta macho, "huyu nimemlea mwenyewe. Mwizi gani anamchongea mwenzake, halafu anaacha namba ya simu apigiwe?"

Hata afande alishindwa kujizuia. Kitasa akaondoka nao, bila rundo lake la funguo.

Njiani dada akanishika ule mkono uliochubuka. "Nisamehe, mdogo wangu. Mimi wa kukudhania wewe?"

"Ulipika cha mtu mmoja, dada."

"Leo napika cha watatu. Viwili vyako."

Nililia, sioni aibu kusema.

Kwa hiyo ndugu yangu unayesoma, ukienda kuchongesha ufunguo, simama hapo hapo uhesabu zinatoka ngapi. Kabla hujamshuku wa nyumbani kwako, jiulize nani mwingine anaweza kuufungua mlango wako. Ukiona uovu, toa taarifa. Na kama unataka iwe siri, basi iache iwe siri.

Mwenyekiti aliniagiza niandike sanduku jipya. Nikaliandika vizuri sana. Tangu siku hiyo napigiwa simu na watu wanaonong'ona. Nikaenda kulitazama lile sanduku, juu mpaka chini.

Mnajua nilichokikuta chini.

Jana ilinipigia sauti ya mwanamke, chini chini. "Natoa taarifa. Kwa fundi nguo kuna mtu anamaliza nyama chunguni."

"Dada, hiyo ni sauti yako."

"Si mmeandika ni siri?"