Tatu Iliyopewa Mkasi

Wanafunzi walimwita Bi Rula, maana hakuwahi kuchora mstari kwa mkono mtupu. Alikuwa amefundisha hesabu miaka ishirini na sita alipoitwa kusahihisha mitihani ya taifa katika bwalo la shule moja ya bweni. Walimu sita kila meza, marundo ya karatasi yakifika kifuani, na bwalo lenyewe likinuka mafuta ya jana.

Siku ya pili alifikia swali la tisa. Grafu ya sini, wimbi linalopanda hadi moja na kushuka hadi hasi moja, imevutwa wima mara tatu. Amplitudo yake mpya ni ngapi? Mwongozo wa majibu ulisema sita.

Msimamizi wa meza alikuwa mume wa mdogo wake. Akamwita.

"Shemeji, hii si sita."

"Toka kileleni hadi chini kabisa si sita?"

"Amplitudo hupimwa toka mstari wa katikati. Ilikuwa moja, ukivuta mara tatu inakuwa tatu. Wewe mwenyewe unafundisha hivyo."

Shemeji akafuta miwani. "Najua."

Neno hilo ndilo lililomchafua roho. Angesema hajui, angemwelewesha.

"Mwongozo umeshapitishwa," shemeji akaendelea kwa sauti ya chini. "Tukiugusa, wakubwa wataonekana hawakuusoma. Ni alama mbili tu. Funika kombe mwanaharamu apite."

Bi Rula akatazama meza. Walimu watano, wote wanaijua hesabu hiyo, wanapiga mkasi mwekundu, alama ya kosa, juu ya kila jibu la tatu. Mmoja alikuwa akitafuna karanga, vidole vya mafuta vikiacha madoa kwenye majibu ya watoto wa watu.

Karatasi iliyofuata ilikuwa na grafu safi, mstari wa katikati wa nukta nukta, vilele vimeandikwa tatu. Akaipa alama ya vema. Shemeji akapita, akaifuta kwa kalamu yake. Bi Rula akaweka kalamu chini, akatoka kunawa uso.

Aliporudi aliandika barua ya nusu ukurasa, akachora grafu mbili, akaizungusha mezani. Kila aliyeisoma alitikisa kichwa kukubali, kisha akampa jirani bila kutia sahihi. Akatia yake peke yake, akaipeleka kwa mkuu wa usahihishaji, akafunga mkoba na kurudi nyumbani.

Wiki ya pili shemeji alikuja nyumbani kwake na uso wa harusi.

"Dada, umeshinda. Limetoka agizo jipya."

"Linasemaje?"

"Tatu na sita, zote zikubaliwe."

Bi Rula alikuwa anakwaruza ukoko wa sufuria. Akaendelea kukwaruza hadi shemeji akaanza kuhamisha uzito toka mguu huu hadi ule.

"Kwa hiyo aliyejua na aliyebahatisha mmewalaza kitanda kimoja."

"Angalau hakuna aliyeonewa."

"Nenda, shemeji. Msalimie mdogo wangu."

Mwaka uliofuata hakuitwa kusahihisha. Hakuuliza kwa nini.