Fundi Aliyepima Kabla ya Kukata

Fundi cherehani mmoja alikuwa na mtoto mwenye pumu, na hakungoja abanwe ndipo atafute daktari. Alizunguka hospitali na kadi yake ya bima. Kwenye hospitali moja ya vioo, dada wa mapokezi alimwambia, "Tunapokea kadi zote, mama."

"Na daktari wa dharura, naye anaipokea?"

Dada akaenda kuuliza, akarudi ameinamisha macho. "Yeye haipokei. Hulipwa kando, kwa fedha taslimu."

Shemeji yake alicheka. "Unajiitia maradhi."

Mchana mmoja mtoto akabanwa. Shemeji akawasha gari, akaelekea penye vioo.

"Vioo ukajitazame wewe," fundi alisema. "Tupeleke zahanati ya nyuma ya soko. Daktari wa pale nilishamuuliza."

Daktari alimpokea mtoto, na kadi pia. Shemeji alibaki nje, akifuta gari lililokuwa safi.