Mstari Mmoja wa Kufutwa

Habari ilinifikia Jumatatu asubuhi, kutoka kwa muuza maziwa mmoja wa mtaa wa Rwambuzi: yule mama mkaguzi wa biashara, aliyestaafu mwaka jana, amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Hatukuwa marafiki, mimi na marehemu. Lakini ninyi mnaonisoma siku nyingi mna haki ya kujua kwamba ndiye aliyenizuia nisiwaangamize watu wasio na kosa kwa kalamu hii hii.

Miaka michache iliyopita niliandika hapa kwamba wanawake sita wanaoleta mjini maziwa kutoka Gety wamekula njama. Mshindani wao alikuwa ameniambia wamekodi lori moja na kununua tangi moja la kupozea maziwa, nikaamua kwamba wanataka kulishika soko na kutupangia bei. Sheria inakataza, niliandika, wafungiwe. Wakubwa wa ofisi ya mkaguzi walisoma, wakakubaliana nami, na mkaguzi akapewa kazi ya kwenda kufunga tangi. Kabla ya kwenda, alipita kwangu, mtaani Saio, kwa miguu.

“Weye njo uliandika ile makala?” aliuliza mlangoni.

“Ndiyo, mama.”

“Ulifika kule kwa tangi?”

Nikakiri kwamba sikufika. “Basi vaa viatu, twende.”

Tuliwakuta wanawake wale wamesimama mbele ya tangi lao kana kwamba wanalilinda. Aliyekuwa mkubwa kwa umri ndiye aliyesema. “Mama, mbele ya kununua hii tangi, kila mutu alikuwa anatuma pikipiki yake. Maziwa ilikuwa inaharibika mu njia, tunamwanga. Sasa tuko na kamio moja, lori ya siye wote, inafika muzuri. Mukitufungia, tutarudia kumwanga.” Mkaguzi akaomba karatasi ya mapatano yao, akaisoma mara mbili akiwa amesimama.

“Na mwingine akitaka kuingia?”

“Aingie. Alipe tu sehemu yake ya mafuta ya kamio.”

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha kidole chake kikasimama kwenye mstari wa mwisho, uliosema wote watauza kwa bei moja. “Hii mustari muitoshe, muifute. Kamio, muache. Tangi, muache. Lakini bei, kila mutu na yake.”

“Mama, tutashindana siye kwa siye!”

“Hiyo njo soko,” akajibu, akawapa kalamu wafute wenyewe.

Njiani tukirudi alinieleza, bila kunisimanga, jambo ambalo ningelijua kama ningesoma ukurasa mzima. Sheria inakataza mapatano yanayoua ushindani, lakini inayasamehe yale yanayoboresha uzalishaji au usafirishaji wa bidhaa, mradi mnunuzi apate sehemu yake ya faida, wenye mapatano wasijifunge zaidi ya inavyohitajika, na wengine waachiwe nafasi ya kushindana nao. Mimi nilikuwa nimesoma katazo nikaishia hapo; msamaha ulikuwa chini yake. Aliandika ripoti hivyo, akaitetea mbele ya wakubwa waliotaka tangi lifungwe, mpaka wakamwacha. Wanawake wale wakaendelea. Kabla mvua hazijaisha, mwenzao wa saba alikuwa amejiunga, na mimi nilikuwa nikilinganisha bei zao mlango kwa mlango kabla ya kununua.

Nilisahihisha makala yangu. Hakuwahi kuniomba, wala hakunikumbusha. Nimefikiri sana juu ya hilo tangu Jumatatu. Katika mji uliopitia tuliyopitia, tumezoea kuona watu watatu wakipatana jambo na kudhani wanne wengine wataumizwa. Mara nyingine ni kweli, na mstari ule wa bei ungetuumiza kweli. Lakini hofu hiyo ingetunyima lori na tangi pia, na maziwa yangemwagwa barabarani, sote tukijiona tumetetea haki. Anayejua kutenganisha mstari mbaya na karatasi nzuri ni mtu wa thamani kubwa kwetu, na mara nyingi tunamzika kimya.

Asante, mama. Nikisikia sasa kwamba watu fulani wamekula njama, naenda kwanza kuwauliza wamepatana nini, na nani ananufaika. Mara mbili tayari nimerudi nyumbani nikachana nilichokuwa nimeandika.